Majani ya kufunikia bustani: tusiyafuate mbali

Ndugu wakaaji wa Nakivale, mwezi wa 6 ukifika jua huanza kukausha lengalenga za nyuma ya nyumba, na sisi tunachukua panga kwenda kutafuta majani ya kufunika udongo. Shida huanzia hapo. Kiangazi kilichopita mimi mwenyewe nilikata majani mahali nilipodhani ni pori, kumbe ni malisho ya mwenyeji. Nilirudi mikono mitupu, na panga lilibaki kwake siku mbili. Kwa mama au msichana anayekwenda peke yake, hatari ni kubwa kuliko kupoteza panga.

Wengine hushuka ziwani kukata mafunjo. Hayo tuyaache. Eneo oevu la Mburo-Nakivali liliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya mkataba wa Ramsar, na mafunjo ndiyo yanayochuja tope na uchafu kabla haujafika ziwani. Maji tunayokunywa hutoka ziwa hilohilo.

Sasa pita soko la Base Camp jioni. Maganda ya matoke, majani ya kabichi, maganda ya viazi, vyote vinatupwa. Mwenye hoteli atakupa bure, ila mpelekee gunia lako na urudi siku mliyopatana, maana wenye mbuzi nao wanayataka. Nyumbani kuna mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe, ambayo wengi wetu huyachoma baada ya mavuno. Mabua yakatekate, yatandaze unene wa vidole vinne, bila kugusa shina la mboga. Mlangoni usitandaze, nyoka hupenda kujificha humo.

Taka za soko usizimwage bustanini moja kwa moja. Zichambue kwa kijiti, si kwa mikono, kwa sababu ya nyembe na chupa. Toa kavera, nepi, na mawe ya redio, kwani sumu yake hubaki katika udongo. Kisha panga lundo mbali na nyumba na bomba: tabaka la maganda mabichi, tabaka la mabua makavu, samadi kidogo, maji kiasi cha kulowanisha tu. Geuza kila wiki mbili. Likinuka, maji yamezidi, ongeza makavu. Baada ya miezi 3 hivi hugeuka udongo mweusi.

Samadi ya ng'ombe au mbuzi ipite kwanza katika lundo, maana ikiwa mbichi huacha viini vya kuhara kwenye mboga. Kinyesi cha mtu, mbwa au paka kisiingie kabisa. Baada ya kushika lundo, nawa kwa sabuni.

Najua kazi hii inachosha. Lakini mwaka 2023 mgao wa chakula ulipogawanywa kwa makundi ya uhitaji, kaya nyingine ziliondolewa kabisa, na mtoto mwenye upungufu wa damu anahitaji mboga hizo hata wakati wa kiangazi. Asiye na gunia amwone VHT wa kijiji chake; tunaweza kuchukua taka za hoteli moja kwa zamu, kaya tatu tatu.