Chai ya Choya na Mizani ya Chama
Choya, iitwayo pia rozela, hustawi Dodoma na penginepo penye mvua haba. Vikombe vyake vyekundu, vinavyobaki ua likishadondoka, hukaushwa na kutiwa katika maji ya moto. Chai yake ni chachu; tangawizi kidogo huizidishia ladha. Uchunguzi wa matabibu umeonyesha kuwa huteremsha shinikizo la damu kwa kiasi, lakini mgonjwa asiache vidonge vyake, wala chama kisiinadi kuwa ni dawa.

Ugomvi huzuka mizanini. Kilo 10 za choya mbichi, ikikaushwa vema kichanjani, hubaki yapata kilo 1, na mwanachama asiyeelezwa hudhani ameibiwa. Katibu na aandike uzito wote wawili, mwenye mali akiwapo.