Mlima Unapoteleza, Nani Alipe?

Aghalabu ardhi huporomoka kwa sababu ya maji. Maji ya mvua yakipenya hadi kwenye tabaka la udongo wa mfinyanzi, shinikizo lake hupunguza msuguano unaoushikilia mteremko, nao huanza kuteleza. Dawa mojawapo ni kuchimba visima na kuyavuta maji hayo. Lakini maji hayajui mipaka ya viwanja: mwenye nyumba mmoja akichimba, jirani hufaidika bila kulipa.

Kwa hiyo mwaka 1979 jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya kuunda vyombo maalumu vya serikali za mitaa vya kuzuia maporomoko. Cha kwanza kiliundwa mwaka 1981 huko Abalone Cove, katika mji wa Rancho Palos Verdes. Wenye viwanja hutozwa kwa kadiri ya manufaa wanayopata, na fedha hizo huendesha visima.

Hata hivyo, baada ya mvua kubwa za 2023 na 2024, mahali pengine katika mji huo ardhi ilisogea karibu sentimita 30 kwa juma. Yafaa fedha zikusanywe mapema, mlima ungali umetulia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.