Misuko juu ya barafu: nywele za mtoto zifungwe namna gani kwa mashindano?

Mwezi wa kwanza, yaya yangu anayeishi Montréal alinipigia simu. Huku ilikuwa saa ine ya usiku, kwao jua lilikuwa bado. Binti yake wa miaka 11 alibakiwa na siku tisa tu mbele ya mashindano yake ya kwanza ya patinaji, ni kusema mchezo wa kuteleza na kucheza juu ya barafu na viatu vya chuma. Mama mmoja pale uwanjani alimwambia kwamba mtoto lazima afungwe shinyo laini nyuma ya kichwa, na kwamba nywele kama zile hazitakaa bila dawa ya kulainisha. "Mudogo, nimuweke dawa ao nimutoshe tu mu ule mchezo?" Mtoto mwenyewe alikuwa amejifungia chumbani.

Mimi nilikulia njia ya Shinkolobwe. Barafu tunaiona ndani ya frigo, na ni ile siku umeme haukatiki. Uwanja wa barafu ambao watu wa Afrika Mashariki wanaujua zaidi uko Nairobi, katika hoteli Panari, ulifunguliwa 2005. Lakini ikiwa ni mambo ya nywele, hapo tuko kwetu. Kesho yake nikaenda kwa mama mmoja msukaji wa Kikula, nikamwonyesha video kwenye simu.

Aliangalia mara tatu bila kusema kitu. Kisha akauliza: huyu mtu anazunguka mara ngapi pale juu? Swali lake ndilo lenyewe. Mchezaji mwenye ufundi anazunguka mara tatu hewani kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kila kinachoning'inia kichwani kinakimbilia nje, kama maji ya ndoo unayoizungusha kwa mkono. Meshi ndefu inageuka fimbo, inapiga macho, na mtoto anayefumba macho wakati wa kutua anaanguka. Pini isiyoshika vizuri inaruka. Na chuma cha kiatu ni chembamba, karibu milimita 4 tu. Kikikanyaga pini, kiatu kinasimama palepale na mtu anaendelea mbele. Anayeumia anaweza kuwa mtoto wa mtu mwingine, yule anayeingia nyuma.

Ndiyo maana sheria ni kali. Shirikisho la kimataifa, ISU, linakata pointi 1 kama kipande cha nguo ao pambo kinaanguka kwenye barafu. Mashindano ya watoto ya mtaa yanaweza kuwa na masharti yake, basi mzazi aulize mapema. Katika tenisi pia yalitokea: Australia, 1999, shanga za Venus Williams zilidondoka uwanjani katikati ya mchezo na mwamuzi akamkata pointi. Alikasirika sana, na mchezo akaupoteza.

Lakini angalia vizuri sheria hiyo inauliza nini. Inauliza kisianguke kitu. Haiulizi nywele ziwe laini. Surya Bonaly alichukua ubingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia 1991 mpaka 1995. Maé-Bérénice Méité naye aliteleza kwenye Olimpiki za Sochi 2014 na Pyeongchang 2018. Wote wawili ni weusi kama sisi, na wote waliingia kwenye barafu wakiwakilisha Ufaransa.

Mama msukaji alisema dawa hapana, na hasa si mara ya kwanza, si siku chache mbele ya mashindano. Ikiunguza ngozi ya kichwa, mtoto atateleza na vidonda. Yeye alichagua misuko ya kulaza kichwani, inayotoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Msuko wa namna ile unashikwa na nywele zenyewe toka mwanzo mpaka mwisho, basi pembeni hauhitaji hata pini moja. Meshi iwe kidogo, ya kufunga mwisho tu, maana uzito wa nyuma unavuta shingo. Shanga na vipepeo vya plastiki vibaki nyumbani.

Ile miisho inakusanywa kuwa kifundo, na hapa ndipo alinifundisha kitu: usikifunge na pini ishirini, kishone. Sindano na uzi wa rangi ya nywele, kama tunavyoshona meshi, kisha neti juu yake. Kifundo kikae chini kidogo, kilale kwenye kichwa. Tulikuwa tumeona kwenye video msichana anayevuta mguu wake kutoka nyuma mpaka juu ya kichwa huku anazunguka. Kifundo kirefu cha juu kingekutana na mkono wake, ao na chuma chenyewe.

Na asikaze sana. Nyusi zikipanda juu, vipele vikitoka pembeni ya paji la uso, umekaza kupita kiasi, na nywele za mbele zikizoea kuvutwa hivyo zinaweza zisirudi tena. Asuke siku tatu mbele, ili maumivu yapoe. Siku ya mwisho mtoto aruke mara kumi sebuleni, ainamishe kichwa, azunguke. Kilichosogea kifanywe upya.

Yaya alisuka siku ya ine jioni, saa tano nzima, simu ikiwa imeegemezwa kwenye sukari ili mama wa Kikula aangalie mistari. Siku ya posho mtoto aliruka, akaanguka mara moja, akasimama, akamaliza. Nimeiona video: kichwani hakikusogea kitu. Sasa kwa mashindano ya mwezi wa tatu anataka misuko ya kupinda-pinda. Mama msukaji anasema iko sawa, mradi yote ifike kwenye kifundo kimoja.