Je, wajua? London ya Watch Dogs: Legion huweza kuchorwa upya mara 60 kila sekunde

Tarehe 29 Oktoba 2020 kampuni ya Ubisoft ilitoa Watch Dogs: Legion, gemu iliyoundwa na studio yake ya Toronto, Kanada. Mchezaji huzunguka atakavyo katika London ya siku zijazo, kuanzia Camden na Westminster hadi Southwark na Lambeth, ng'ambo ya mto Thames. Jiji hilo halikuhifadhiwa kwenye kompyuta kama video. Kila fremu huchorwa upya, na anayetaka fremu 60 kwa sekunde huipa mashine yake milisekunde 16.7 tu za kumaliza majengo, vivuli, maji, magari na watu. Wachezaji wengi hupandisha mipangilio yote hadi juu kabisa, gemu ikianza kukwama huishusha yote, kisha lawama hubebeshwa kadi ya picha. Huko ni kubahatisha. Kamba hukatikia pembamba: kwanza ijulikane sehemu ya mashine iliyozidiwa, ndipo upunguzwe mzigo wa sehemu hiyo peke yake.

Tuanze na kadi ya picha. Kazi yake hukua pamoja na idadi ya piseli: skrini ya 1920 kwa 1080 ina piseli 2,073,600, na ya 3840 kwa 2160 ina 8,294,400, mara nne kamili. Juu ya hesabu hiyo huja mwanga, na hapa London ni mji mgumu, kwa kuwa barabara zake zilizolowa mvua na minara yake ya vioo huakisi kila kitu. Kwa njia ya kawaida, gemu hutafuta cha kuakisi ndani ya picha iliyopo tayari kwenye skrini. Basi jekundu likipita mbele yako utaliona pia kwenye dimbwi. Ukigeuza kamera likatoka nje ya skrini, taswira yake dimbwini nayo hutoweka. Njia ya kufuatilia miale hukokotoa mwanga umetoka wapi, hivyo hata basi lililo nyuma yako huonekana kwenye kioo cha duka. Uzuri huo ni wa kweli, lakini gharama yake ni kubwa, na kwa mwenye kadi ya wastani ndio wa kwanza kuzimwa.

Hata hivyo, kadi si mtuhumiwa pekee. Sifa kuu ya gemu hii ni kwamba karibu kila mpita njia anaweza kusajiliwa na kuwa mhusika wako. Ana kazi, ratiba na watu anaohusiana nao. Maisha yao huendeshwa na prosesa, pamoja na magari na vitu vipya vinavyoletwa kila unapokimbia mtaa mmoja hadi mwingine. Kuijua sehemu iliyozidiwa si kazi ngumu. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, kisha pita tena mtaa uleule. Fremu zikipanda sana, aliyelemewa ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa, na kupunguza piseli hakutakusaidia kitu. Punguza wingi wa vitu vya mbali, na uzime ufuatiliaji wa miale, ambao huipa prosesa nayo kazi ya ziada.

Sehemu ya tatu ni kumbukumbu ya kadi. Tekscha, yaani picha zinazovishwa kuta na nguo, hazipunguzi sana kasi maadamu zinaenea humo. Zikizidi, mashine huanza kuzihamisha huku na huko na gemu huganda ghafla. Wastani wa fremu unaweza kulificha tatizo hili: sekunde moja yenye fremu 55 za milisekunde 16 na moja ya milisekunde 120 huhesabiwa kuwa fremu 56, idadi nzuri, ilhali jicho limeona mkwamo. Ndiyo maana anayepima aangalie fremu iliyochelewa kuliko zote.

Wapo watakaosema dawa ni kununua kadi yenye nguvu zaidi. Ni kweli iwapo kadi ndiyo iliyozidiwa. Kama ni prosesa, fedha zimepotea bure. Wengine hupinga teknolojia kama DLSS, inayochora piseli chache kisha kuikuza picha, wakidai hiyo ni picha ya uongo. Katika hali yake ya ubora, picha ya 3840 kwa 2160 huanzia 2560 kwa 1440, yaani asilimia 44 tu ya piseli, na zilizobaki hukadiriwa kwa kutumia fremu zilizotangulia. Makosa yapo, hasa kwenye nyaya nyembamba na vitu vinavyokwenda kasi. Lakini taswira dimbwini nayo ni makadirio, na hakuna anayeikataa kwa sababu hiyo. Kipimo cha haki ni jicho la mchezaji, kamera ikiwa inatembea.

Hoja hii ina uzito zaidi kwa Mwafrika Mashariki anayecheza kwa kompyuta ya mtumba, ambaye kadi mpya kwake ni akiba ya miezi mingi. Gemu hii ina jaribio lake la ndani linalorudia mandhari yaleyale na kutoa matokeo. Aliendeshe, abadilishe mpangilio mmoja, aliendeshe tena. Akishajua kilichozidiwa, huenda akagundua kwamba mashine aliyonayo inatosha. Na kama haitoshi, atakwenda dukani akijua hasa anachokihitaji.