Utulivu uliozaliwa chini ya mabomu

Mwaka 1974, mtawa wa Kibudha aliyekuwa akiishi uhamishoni Ufaransa aliketi akaandika barua ndefu kwa Kivietnamu. Aliyeandikiwa ni Ndugu Quang, mmoja wa viongozi wa vijana waliofanya kazi za kijamii katika vijiji vya Vietnam Kusini, vita vikiwa vingali vinapiganwa. Vijana hao walikwisha kuzika wenzao wengi. Baadhi yao walikuwa wamejaa hasira, baadhi wamekata tamaa, na wote walikuwa hoi. Mtawa hakuwaandikia hotuba ya kuwatia moyo. Aliwaeleza namna ya kuvuta pumzi huku wakiihesabu, namna ya kuosha vyombo bila akili kukimbilia shughuli inayofuata, na namna ya kujitengea siku moja katika juma ya kwenda polepole.

Barua hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza ikawa kitabu, The Miracle of Mindfulness, na kitabu kikazunguka dunia. Mazoezi yaliyomo leo yanafundishwa maofisini, hospitalini, magerezani, na kwenye semina za kampuni kubwa za teknolojia. Wapo wanaoyatumia kupata usingizi tu, na sina ugomvi nao. Usingizi ni haki ya kila mtu. Ila Thich Nhat Hanh, mwandishi wa barua ile, kama anavyotajwa siku hizi, mzee mpole wa joho la kahawia mwenye sauti ya chini na kikombe cha chai mkononi, amepunguzwa mno. Wanafunzi wa kwanza wa pumzi ile walikuwa wabeba mchele na wajenga vibanda, watu ambao wangeweza kupigwa risasi kabla ya jioni.

Alizaliwa Oktoba 11, 1926 katika mji wa Hue, Vietnam ya kati, nchi ikiwa chini ya Wafaransa. Akiwa na umri wa miaka 16 aliingia katika monasteri ya Tu Hieu. Alikuwa mwanafunzi hodari na msumbufu kwa wakati mmoja: aliona mafunzo ya watawa yamedumaa, akataka waongezewe falsafa, sayansi na lugha za kigeni. Wakubwa wake hawakupendezwa. Akaenda Saigon, akajiandikisha chuo kikuu, akahariri jarida la Kibudha, na kuanzia mwaka 1961 akawa Marekani, akisoma Princeton na kisha kufundisha Columbia.

Alikuwa huko mwaka 1963 wakati mgogoro kati ya Wabudha na serikali ya Rais Ngo Dinh Diem ulipolipuka. Mwezi Juni mtawa mzee, Thich Quang Duc, alijichoma moto hadharani katika barabara ya Saigon, na picha yake ikaushtua ulimwengu. Novemba Diem akapinduliwa na kuuawa. Mwanzoni mwa 1964 Nhat Hanh alirudi nyumbani akiwa na mapendekezo matatu kwa viongozi wa Wabudha: watoke hadharani kudai vita visimame, waanzishe taasisi ya elimu ya juu, na wafungue kituo cha kuwafundisha vijana kuleta mabadiliko vijijini bila mtutu wa bunduki. Wazee walikubali la elimu ya juu. Hayo mengine mawili waliyaona ndoto.

Basi akaifanya ndoto mwenyewe pamoja na vijana. Chuo Kikuu cha Van Hanh kilipoanzishwa mwaka huo, ubavuni mwake ilizaliwa Shule ya Vijana ya Huduma za Jamii.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu namna shule ile ilivyofanya kazi inasisimua hata leo. Vijana hawakuingia kijijini na mradi mkononi. Walifika wachache, wakaomba mahali pa kulala, wakaanza kucheza na watoto. Baada ya siku kadhaa wakawa wanawafundisha kusoma chini ya mti. Mvua ikinyesha darasa linavunjika, na wazazi wenyewe wanaona kwamba pangefaa banda. Mmoja analeta mianzi, mwingine makuti, na shule inasimama bila fedha ya serikali na bila msaada wa Marekani, ambao ungewapa jina baya palepale. Vivyo hivyo kwa zahanati, kwa ufugaji wa kuku, kwa ushirika. Walikuwa na mambo manne waliyoyasukuma kwa pamoja: elimu, afya, uchumi na uongozi wa kijiji chenyewe. Kijiji cha Cau Kinh, karibu na Saigon, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Msomaji wa Tanzania aliyesoma Azimio la Arusha la mwaka 1967 atahisi anaijua hewa hiyo, tofauti ikiwa kwamba huku kujitegemea kulikuwa sera ya dola, na kule kulikuwa njia ya kujiepusha na dola. Inasemekana vijana wa kujitolea walifikia elfu kumi.

Je, hayo yalikuwa Ubudha kweli, au siasa iliyovishwa joho? Swali hilo aliulizwa maisha yake yote, na hapa ndipo usomi wake ulipomfaa. Kwa jina la Nguyen Lang aliandika historia ya Ubudha wa Vietnam katika juzuu tatu, kazi ambayo Wavietnamu wanaithamini ingawa wasomaji wa Magharibi hawaijui sana. Humo anamrudia mfalme wa karne ya 13, Tran Nhan Tong, aliyeongoza nchi dhidi ya majeshi ya Wamongolia, kisha akaacha kiti cha enzi, akawa mtawa katika mlima Yen Tu na kuanzisha madhehebu ya Kivietnamu. Kwa Nhat Hanh huo ulikuwa ushahidi: dini iliyojishughulisha na maisha ya watu haikuwa mtindo alioukuta New York. Ilikuwa mali ya mababu, iliyosahauliwa.

Novemba 1964 mafuriko makubwa yaliikumba Vietnam ya kati na kuua maelfu. Pande zinazopigana zilikuwa zikirushiana risasi kando ya mito, na waliothubutu kwenda kwa wahanga wa milimani walikuwa wachache. Nhat Hanh na wenzake walijaza mashua mchele na dawa, wakaupanda mto Thu Bon. Mwanafunzi wake Cao Ngoc Phuong, ambaye baadaye akawa mtawa Chan Khong, ameeleza kwamba mwalimu wao, baada ya kuona maiti na njaa ya siku zile, alijikata kidole akaacha damu idondoke mtoni kama sala ya waliokufa.

Kijiji cha Tra Loc katika mkoa wa Quang Tri kilikuwa karibu na mstari uliozigawa Vietnam mbili. Vijana walikijenga pamoja na wanakijiji. Kikapigwa mabomu. Wakakijenga. Kikapigwa tena, wakajenga tena, na hata ilipofika zamu ya nne walijadiliana wakaamua kujenga. Kijana mmoja alimuuliza mwalimu kama kuna tumaini vita vitaisha. Nhat Hanh alikiri baadaye kwamba ukweli wa moyo wake ulikuwa kwamba haoni tumaini kubwa, ila asingeweza kumpa kijana yule jibu hilo. Alimjibu kwa fundisho la zamani kabisa la Budha, kwamba hakuna kitu kinachodumu, na vita navyo ni kitu.

Methali yetu ya fahali wawili huishia kwenye nyasi kuumia. Haisemi nyasi zikijipanga zitatendwa nini. Vijana wale walijua. Saigon iliwashuku kuwa wakomunisti, wakomunisti wakawashuku kuwa vibaraka wa Marekani. Nhat Hanh alipokuwa nje ya nchi, uongozi wa Van Hanh uliikana shule. Mabomu ya mkono yakarushwa kwenye majengo yao. Mwaka 1967 watu wenye silaha waliwachukua vijana watano usiku hadi ukingo wa mto Saigon, wakawauliza kama kweli ni wa shule ile. Waliposema ndiyo, waliambiwa kwamba ni jambo la kusikitisha lakini inabidi wauawe. Wanne walikufa, mmoja akapona, na ndiye aliyesimulia. Kwenye mazishi wenzao walitangaza kwamba hawana chuki na wauaji, na wakawashukuru kwa kusikitika, kwa sababu ilionyesha kwamba walilazimishwa. Nimelitafakari tangazo hilo mara nyingi. Lilikuwa la huruma, bila shaka, lakini pia lilikuwa la akili: liliwaachia wauaji mlango wa kutorudi.

Mwaka huohuo Nhat Chi Mai, mmoja wa watu sita wa kwanza wa jumuiya ya Tiep Hien aliyoianzisha Nhat Hanh Februari 1966, wanaume watatu na wanawake watatu, aliutoa uhai wake kwa moto akiomba amani.

Wakati huo mwalimu hakuwapo. Aliondoka Mei 1966 kwa ziara ambayo ingekuwa ya muda mfupi, kuwaeleza Wamarekani kile ambacho wakulima wa Vietnam walikipitia. Aliishi uhamishoni miaka 39. Alikutana na Papa Paulo wa Sita, na Waziri wa Ulinzi Robert McNamara. Mkutano uliozaa zaidi ni ule wa Chicago na Martin Luther King, ambaye Nhat Hanh alikuwa amemwandikia barua mwaka uliotangulia. Januari 1967 King alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, tena hadharani, jambo ambalo kamati haipendi. Mwaka ule tuzo hiyo haikutolewa kwa mtu yeyote. Aprili, katika kanisa la Riverside jijini New York, King aliuvunja ukimya wake kuhusu Vietnam, na wengi wanaamini mtawa yule alichangia.

Saigon ilimwita msaliti baada ya kutoa pendekezo la amani huko Washington. Wakomunisti waliposhika nchi nzima mwaka 1975 nao hawakumruhusu kurudi, na shule ikavunjwa. Ni heshima ya ajabu, kukataliwa na serikali mbili zilizokuwa haziafikiani kwa lolote.

Mwishoni mwa 1976, wakimbizi wa Vietnam walipokuwa wakizama baharini na nchi jirani zikizisukuma mashua zao zirudi majini, yeye na Chan Khong walikodi meli mbili, Leapdal na Roland, wakiwa Singapore. Waliokoa watu wapatao 800. Mpango ulikuwa kuwapeleka kimyakimya Guam na Australia. Kusema kweli mpango huo ulikuwa na kasoro, kwani watu 800 si siri inayofichika. Habari zikavuja, polisi wakaja usiku, Nhat Hanh akapewa saa 24 kuondoka nchini huku meli zikiwa zimejaa watu wasioruhusiwa kushuka.

Mwaka 1982 wakaanzisha jumuiya ya Plum Village, kusini-magharibi mwa Ufaransa, wakapanda miplamu 1,250, idadi ya wafuasi wa Budha katika maandiko. Matunda yaliuzwa kusaidia watoto wa Vietnam. Aliruhusiwa kuzuru nyumbani mwaka 2005, akapokewa na umati, lakini 2009 watawa wapatao 400 wa mkondo wake walifukuzwa katika monasteri ya Bat Nha. Alipatwa na kiharusi Novemba 2014, akapoteza uwezo wa kusema. Oktoba 2018 alirejea Tu Hieu, alikoingia kijana, na huko alifariki Januari 22, 2022, akiwa na miaka 95.

Jambo moja linaniudhi katika tanzia nyingi zilizoandikwa wiki ile. Zilimtaja Chan Khong kama msaidizi. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Ben Tre mwaka 1938, alikuwa akihudumia mitaa ya mabanda ya Saigon kabla hajakutana na Nhat Hanh, na kwa kiasi kikubwa ndiye aliyekusanya fedha, aliyepanga safari, aliyekamatwa, na aliyeendesha ofisi ya Paris iliyowatafutia yatima wafadhili wa Ulaya, fomu moja moja, kila moja na picha ya mtoto. Baada ya shule kuvunjwa alibuni njia za kupeleka misaada Vietnam kwa familia zenye shida, na baadaye akasimamia mpango wa madarasa ya chekechea na chakula cha watoto vijijini. Anayetaka kuielewa kazi ya kijamii ya Nhat Hanh aanze na kumbukumbu alizoziandika mwanamke huyo.