Kijana asiyeamka asubuhi si mvivu

Asubuhi katika nyumba zetu nyingi kelele ni ileile: "Amka! Utakuta mlango wa shule umefungwa!" Mtoto wa miaka 7 ameshaamka, anatafuta chai. Mkubwa wake wa miaka 15 amevuta blanketi hadi kichwani. Tunamwita mvivu, wengine tunamwagia maji.

Waganga wanatueleza jambo lingine. Kijana anapobalehe, saa ya ndani ya mwili wake inasogea. Melatonini, ile homoni inayoleta usingizi, inachelewa kutoka usiku na inachelewa kuisha asubuhi. Usingizi wake unaweza kuja masaa 2 nyuma ya ule aliozoea utotoni. Na bado anahitaji kulala masaa 8 hadi 10. Aliyesinzia saa 5 ya usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri amepata masaa 6 tu, halafu tunamtuma akafanye hesabu ubaoni.

Huko Marekani, mwaka 2014, chama cha waganga wa watoto kiliomba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Mji wa Seattle ulifanya hivyo mwaka 2016: sekondari zilizoanza saa 1:50 zikaanza saa 2:45. Wachunguzi wa chuo kikuu waliwavalisha wanafunzi wa shule mbili kifaa cha mkononi kinachopima usingizi. Mzazi yeyote angedhani vijana watakesha zaidi. Hapana. Walilala saa ileile ya zamani, na asubuhi wakapata dakika 34 zaidi. Alama za somo la sayansi zikawa juu kwa asilimia 4.5 kuliko za wanafunzi waliowatangulia. Katika shule yenye watoto wengi wa familia maskini, kuchelewa na kukosa masomo kulipungua. Hilo ndilo lililotugusa sisi.

Lakini Kongo si Seattle. Shule zetu nyingi zina zamu mbili katika jengo moja. Ukisogeza zamu ya asubuhi unasukuma ile ya mchana, na kwetu giza linaingia karibu saa 12 jioni. Hatutaki msichana alipie usingizi wake kwa kutembea gizani. Kwa hiyo hatuombi saa nzima kila mahali. Pale penye zamu moja tu, tunaona nusu saa inawezekana, na komite ya wazazi inaweza kuipeleka kwa mkubwa wa shule.

Tena kuna jambo la nyumbani. Kaka analala, dada ameshatoka na bidoni kuchota maji. Akirudi anafagia, anawasha makala, anaosha wadogo. Shule ikichelewesha kengele na sisi tukamwongezea kazi, hakuna alichopata. Maji yachotwe jioni, na kaka naye ashike bidoni. Simu ilale chumba cha mama.

Na yule anayefika dakika 10 baada ya kengele, akarudishwa nyumbani au akapigwa fimbo, amepoteza siku nzima ya masomo. Kwenye mkutano ujao wa komite tuulize hili kwanza, kabla ya nusu saa: je, anaweza kuingia kalasi, kisha afanye adhabu yake wakati wa mapumziko?