Hesabu ya Sombe

Sogeeni karibu, wanangu. Ukipita asubuhi katika soko kuu la Butembo, mashariki mwa Kongo, utamkuta msichana wa rika lenu amesimama kwenye meza ya mama yake. Fungu la sombe, yaani majani ya muhogo, ni falanga 500. Mteja anachukua matatu, anatoa noti ya 5,000. Msichana hashiki biki wala karatasi. Anaibana noti chini ya kopo, kisha anahesabu kwa kupanda: kutoka 1,500 hadi 2,000 ni mia tano, kutoka hapo hadi elfu tano ni elfu tatu. "Shika, mama, elfu tatu na mia tano." Mteja wa pili ana dola, na yule anayefuata katoka Kasindi mpakani na shilingi za Uganda mfukoni. Wote anawamudu, na ole wako ukijaribu kumpunja.

Mchana yupo darasani. Mwalimu anaandika ubaoni 5,000 toa 1,500, namba juu ya namba, mstari chini. Msichana yuleyule anasahau alipokopa, anaandika 4,500, na daftari linarudi limejaa wino mwekundu. Sasa niambieni: huyu ana uwezo wa hesabu, au hana?

Msikimbilie kujibu. Kule Recife, nchini Brazil, watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, waliwafuata watoto wauzao mitaani wakajifanya wateja. Nazi moja ni cruzeiro 35. Nazi kumi je? Mtoto mmoja alipiga mahesabu yake kwa mafungu: tatu ni 105, tatu tena 210, akaendelea hivyo mpaka akafika 350. Baadaye watoto haohao walipewa hesabu za aina ileile kwa kalamu na karatasi. Sokoni walipata asilimia 98. Kwenye karatasi, kwa namba tupu zisizo na hadithi, asilimia 37 tu. Utafiti ulichapishwa mwaka 1985, na watoto walikuwa watano, kwa hiyo tusiufanye Biblia. Lakini yeyote aliyekulia kando ya meza ya mboga hatashangaa.

Hapo ndipo wanasaikolojia wanapotuonya. Uwezo ni yale mtu anayoweza kuyafanya sasa, kwa akili, kwa mikono au kwa moyo wake. Alama ya mtihani ni dirisha moja tu la kuchungulia uwezo huo, na dirisha lenyewe linaweza kuwa limewekwa upande usiofaa. Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, alilionyesha hilo mwaka 1979. Aliwataka watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, waige maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliongoza. Kwa waya, wa Lusaka wakawapita. Kwa udongo wa kufinyanga, hawakuachana. Ninyi mnaounda magari ya waya na kuyaendesha barabarani mmeshajua kwa nini. Hakuna aliyezaliwa na waya mkononi; ni mazoea.

Kuna uwezo mwingine usioingia kwenye daftari kabisa, na huu tuliuona Beni, kilomita zipatazo hamsini kutoka Butembo. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza ugonjwa wa Ebola huko Mangina, karibu na Beni. Ikaingia Beni, ikashuka Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Mama alipopelekwa kwenye kituo cha matibabu, mtoto wake mchanga alibaki na nani? Jirani anaogopa, shangazi anaogopa, na si kosa lao.

Waliojitokeza ni wale waliougua wakapona. Miili yao ilikuwa imejenga kinga, hivyo waliweza kuwabeba watoto hao na kuwalisha katika vyumba vya malezi vilivyofunguliwa kando ya vituo, Beni na Butembo, kwa msaada wa UNICEF. Wengine waliingia kwa wagonjwa kuzungumza nao. Fikirieni mgonjwa amelala, kila anayemkaribia amefunikwa mavazi ya kinga, haoni ila macho. Halafu anakuja mtu wa mtaa wake na kumwambia: nililala hapa, nikapona. Kinga ni ya damu, lakini kukaa na mtoto anayelia usiku kucha, wewe mwenyewe ukiwa umezika ndugu, ni uwezo wa moyo, na haufundishwi kwa semina ya siku moja.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu hujaribu jambo gumu kulingana na anavyojiamini kuwa ataliweza, na kwamba imani hiyo hukua akimwona mtu kama yeye amelifanya. Daktari aliyetoka mbali angeweza kusema yaleyale kitandani pale. Mimi naona yasingekuwa na uzito ule.

Turudi kwenye mitihani, maana najua wengine mnaiogopa. Kabla ya Uhuru, katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mfaransa André Ombredane aliwapelekea Waasalampasu wa Kasai mafumbo ya michoro: picha ina pengo, chagua kipande kinachoziba. Wazungu wengi wa zama zile wangewapima mara moja, wakaandika kwamba Mwafrika hawezi, wakapanda meli. Ombredane alirudia mafumbo yaleyale kwa watu walewale. Alama zikapanda. Akili zao hazikubadilika kwa kipindi kile kifupi, waliuzoea mchezo.

Kwa hiyo, ninyi wa darasa la sita mnaojiandaa kwa mtihani wa taifa, tafuteni karatasi za miaka iliyopita mzifanye kwa kalamu, na muda mkiuhesabu. Na yule msichana wa sombe mketi naye dawati moja: awafundishe kuhesabu kwa kupanda, nanyi mumwonyeshe pa kuandika ile namba anayokopa.